Sura ya Tano: Rovu Lililobadilika Ghafla

Mwaka 1935 daktari Mwingereza mwenye umri wa miaka 29, Leader Stirling, alifika Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde, kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana ambayo wazee wa Masasi bado wanaijua kwa herufi zake nne: UMCA. Majengo ya mwanzo yalikuwa ya udongo na nyasi. Stirling alikaa Lulindi hadi 1949, akahamia Mnero, akachukua uraia wa Tanzania, akaingia bungeni, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya. Miaka yake ya upasuaji wa porini ndiyo iliyomfundisha waziri huyo maana ya umbali kati ya mgonjwa na kisu.

Mtu aliyefika kwake na uvimbe shingoni alipimwa kwa macho, vidole na masikio. Altrasaundi ya shingo haikuwepo mahali popote duniani. Madini joto yenye mionzi, ambayo leo hutibu saratani nyingi za tezi ya shingo, yalimwingia mgonjwa wa kwanza mwaka 1941 huko Boston, miaka sita baada ya Stirling kufungua begi lake Lulindi. Kipimo cha macho, vidole na masikio hakijapitwa na wakati hata hivyo. Kwa ugonjwa unaozungumzwa katika sura hii, bado ndicho kinachotangulia, na kwa bahati mbaya mara nyingi ndicho kinachorukwa.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya tezi ya thairoidi inayotoboa na kuingia kwenye bomba la hewa. Ni nadra. Unadra huo ni sehemu ya hatari yake, kwa sababu mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi hadi astaafu bila kuuona, na siku ukiingia mlangoni huwa umevaa nguo za ugonjwa mwingine.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, ikiwa na mabawa mawili yaliyoungwa katikati kama kipepeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 tu. Mgongo wake umeshikana na bomba la hewa. Ndiyo maana tezi hupanda na kushuka mtu anapomeza. Bomba hilo lina upana wa karibu sentimita 2 na limejengwa kwa pete za gegedu zisizofungana nyuma, ambako limepakana na umio wa chakula. Pembeni, kwenye mfereji kati ya bomba na umio, hupita mishipa midogo ya fahamu inayoendesha sauti. Kwa hiyo katika nafasi ndogo kuliko kiganja cha mtoto vimebanana pumzi, chakula na sauti. Uvimbe unaokua hapo hauna pa kwenda bila kumgusa jirani.

Tezi ikivimba kwa sababu yoyote, Waswahili husema mtu ana rovu. Mengi ya marovu si saratani, na jambo hili lisemwe kwa sauti kabla ya jingine lolote, maana kuna watu wanaokimbia hospitali kwa kuogopa kuambiwa neno hilo. Rovu la kawaida hukua taratibu kwa miaka. Mama hulibeba tangu mtoto wake wa kwanza hadi wajukuu, akalifunika kwa mtandio, akalizoea. Majirani nao hulizoea. Kuzoea huko hakumdhuru mtu kwa muda mrefu, mpaka siku tezi inapobadilika tabia.

Chanzo kikubwa cha marovu duniani ni upungufu wa madini joto. Milima ya Alps ilijaa watu wenye shingo nene, na haikuwa ajali kwamba daktari aliyefanya upasuaji wa tezi uwe salama alikuwa Mswisi, Theodor Kocher wa Bern. Alianza wakati kukata rovu kulikuwa karibu sawa na kumwaga damu yote ya mgonjwa, akaishusha idadi ya vifo hadi chini ya mtu 1 kati ya 100, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Uswisi ilianza kuweka madini joto kwenye chumvi mwaka 1922.

Tanzania ilichelewa, lakini ilipoanza ilifanya kazi ya kujivunia. Katika miaka ya 1980 vipimo vilionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya wanne mashuleni alikuwa na rovu, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye nyanda za juu. Wilaya zilizoathirika sana zilipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha kanuni za miaka ya 1990 zikalazimisha chumvi yote ya kuliwa iwekewe madini hayo. Utafiti wa kitaifa wa 2004 ulikuta rovu kwa watoto wa shule limeshuka hadi karibu asilimia 7.

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina kisa chake. Pwani yake ina mashamba ya chumvi, na wazalishaji wadogo huvuna, hufungasha na kuuza moja kwa moja hadi minadani na magengeni huko Newala na Masasi. Tafiti za kaya zimeikuta mikoa hii miwili, mara kwa mara, miongoni mwa iliyo nyuma nchini kwa matumizi ya chumvi yenye madini joto ya kutosha. Wengi huamini kwamba chumvi ya baharini ina madini joto kwa asili yake. Haina ya kutosha. Maji ya bahari yakikauka juani, kinachobaki ni chumvi, na madini joto lazima yanyunyiziwe na mkono wa mtu.

Tena kuna muhogo. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga usioshika maji, na muhogo ndio zao lisilomtupa mkulima mwaka wa ukame. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na ukiandaliwa kwa haraka sumu hubaki kwenye unga. Mwaka 1988, wakati wa njaa, watu wa wilaya ya Masasi walidhurika kwa unga uliokosa kuandaliwa vya kutosha, unga waliouita chinyanya, na tukio hilo likachunguzwa na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na wenzake. Mwili unapoipunguza makali sayanidi huigeuza kuwa kemikali nyingine, thaiosayaneti, ambayo hugombania na madini joto mlango wa kuingilia kwenye tezi. Penye madini joto ya kutosha tezi hushinda. Penye uhaba hushindwa, nayo huvimba ikijaribu kufanya kazi kwa malighafi kidogo.

Saratani inaingiaje hapo? Zipo aina kadhaa. Papilari ndiyo ya kawaida kuliko zote na ndiyo pole: wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hai miaka kumi baada ya matibabu. Folikula huonekana zaidi katika nchi zenye upungufu wa madini joto. Medula ni ya familia nyingine kabisa ya seli na wakati mwingine hurithiwa. Halafu kuna anaplastiki, ambayo ni mtu 1 au 2 tu kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya tezi, na hata hivyo inabeba sehemu kubwa ya vifo vyao. Huwapata hasa waliopita miaka 60. Mara nyingi huota ndani ya rovu la miaka mingi. Katika jimbo la Tyrol huko Austria aina hii ilipungua baada ya chumvi kuwekewa madini joto, na pengine hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kumfanya mwenye duka la rejareja aangalie pakiti anayouza.

Aina hizi huingia kwenye bomba la hewa kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo huamua kila kitu. Papilari hujipenyeza taratibu. Huanza kwa kushikamana na pete za gegedu kwa nje, ikapita katikati ya pete moja na nyingine, ikafika kwenye utando wa ndani, mwisho ikachomoza kwenye nafasi ya hewa. Hatua hizo zilipangwa mwaka 1993 na madaktari wa Boston, akiwemo Hermes Grillo, bingwa aliyeufundisha ulimwengu kwamba bomba la hewa linaweza kukatwa na kuungwa upya. Papilari ikifika ndani, mgonjwa hukohoa damu. Kwetu mtu akikohoa damu hupimwa kifua kikuu, na ni haki kabisa apimwe. Kosa huja makohozi yanapotoka safi mara mbili, mara tatu, na bado hakuna aliyeinua kitambaa cha shingoni akatazama.

Anaplastiki haina subira hiyo. Huongezeka kwa wiki, si kwa miaka. Rovu lililokuwa laini huwa gumu kama jiwe, likaacha kupanda mtu anapomeza kwa sababu limeshika kila kilicho kando yake. Sauti hukauka. Chakula kigumu hukwama, kisha uji, kisha maji. Halafu huja mlio.

Mlio huo unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio kengele ambayo mtu yeyote nyumbani anaweza kuisikia. Mwenye pumu hupiga filimbi anapotoa pumzi, kwani njia zilizobana ziko ndani kifuani. Mwenye bomba la hewa lililobanwa shingoni hutoa mlio mkali anapovuta pumzi, na ukiweka sikio karibu unasikia unatoka kooni. Upana wa bomba ukishuka hadi karibu milimita 8, mtu huhema akipanda kilima kama kile cha kutoka Lulindi kwenda Newala. Ukifika milimita 5, mlio husikika hata akiwa amekaa. Fizikia haina huruma hapa: kipenyo kikipungua nusu, ukinzani dhidi ya hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16. Ndiyo maana mgonjwa aliyetembea kwa miguu kwenda zahanati Jumatatu anaweza kuwa anapigania roho yake Ijumaa. Kinachosikitisha ni kwamba wengine katika siku hizo nne huwa wamepewa dawa ya pumu.

Mwaka 2004 ugonjwa huu ulimpata mtu ambaye hakukosa daktari wala gari. William Rehnquist, Jaji Mkuu wa Marekani, alikuwa ametimiza miaka 80 mwezi Oktoba mwaka huo ilipotangazwa kwamba ana saratani ya tezi ya shingo. Alikuwa tayari ametobolewa koo ili apumue. Alipewa mionzi na dawa. Tarehe 20 Januari 2005 alitoka hadharani kumwapisha Rais George W. Bush, akizungumza kwa sauti iliyokwaruza kupitia kifaa kilichokuwa shingoni. Tarehe 3 Septemba 2005 alifariki. Inaaminika kwamba ilikuwa anaplastiki. Kutoka tangazo hadi mazishi haikufika miezi 11, na kwa ugonjwa huu hata hiyo ni miezi mingi, maana nusu ya wagonjwa hawafiki miezi sita.

Je, inafaa basi kumsafirisha mzee kutoka Lulindi hadi Dar es Salaam kwa ugonjwa wa namna hiyo? Familia nyingi huuliza, na wanaouliza si wakatili. Wanahesabu magunia ya korosho. Jibu la mwandishi ni ndiyo, kwa sababu moja kuu: mpaka kipande cha uvimbe kiangaliwe kwa hadubini, hakuna anayejua kama ndiyo anaplastiki. Kuna saratani nyingine inayofanana nayo kwa sura na mwendo, limfoma ya tezi. Nayo huvimba kwa wiki na kubana pumzi. Lakini limfoma husinyaa kwa tibakemikali na mionzi, wakati mwingine ndani ya siku chache, na wagonjwa wengi hupona. Kumhukumu mtu kwa macho na kumrudisha nyumbani akafe, kumbe ana limfoma, ni msiba ambao ungezuiwa na sindano.

Vipimo huenda kwa utaratibu unaoeleweka. Daktari hupapasa shingo, akamwambia mgonjwa ameze, akasikiliza sauti yake. Hutazama nyuzi za sauti kwa kioo au kamera ndogo inayopitia puani. Uzi mmoja ukiwa hautikisiki, mshipa wake wa fahamu umeguswa. Altrasaundi huonyesha uvimbe ulivyo. Sindano nyembamba huvuta seli, na pale anaplastiki au limfoma inaposhukiwa hutakiwa sindano nene inayotoa kipande kizima, kwa sababu seli chache hudanganya. Picha ya CT huonyesha bomba limebaki na upana gani na uvimbe umeshuka kifuani kiasi gani. Mgonjwa mwenye mlio hapaswi kulazwa chali kwenye mashine hiyo bila mtu anayeweza kuokoa pumzi yake kusimama kando.

Barabara ya matibabu kutoka Lulindi hupita Masasi mjini penye Hospitali ya Mkomaindo, kisha Ndanda, misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa 1906, ambayo hospitali yake ilijengewa jina na Sista Thekla Stinnesbeck, daktari kutoka Ujerumani, na leo hupokea rufaa za kusini. Mbele zaidi, kilomita zipatazo 200 kutoka Masasi, iko Mtwara na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Hospitali za Muhimbili na Ocean Road ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mgonjwa wa kusini alivuka Rufiji kwa pantoni, na msimu wa masika safari ingeweza kuchukua siku kadhaa.

Tiba hufuata jibu la maabara. Papilari iliyogusa bomba kwa nje tu huweza kukwanguliwa. Iliyoingia ndani hudai kipande cha bomba kikatwe na ncha mbili ziungwe, kazi ya mabingwa wachache. Baada ya hapo mgonjwa humeza madini joto yenye mionzi. Tezi huyavuta madini hayo popote ilipojificha mwilini, nayo mionzi huiua kutoka ndani. Kwa siku chache mgonjwa hutengwa, kwa sababu mwili wake wenyewe unatoa mionzi. Tanzania tiba hiyo iko Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Baadaye ni kidonge cha homoni ya tezi kila asubuhi maisha yote, na hapa familia ijipange, kwa maana kidonge hicho hakiruhusu mwezi wa kupumzika.

Seli za anaplastiki zimesahau kuvuta madini joto, kwa hiyo tiba hiyo haizifikii. Zinabaki upasuaji pale unapowezekana, tibakemikali, na mionzi ya nje, ambayo Ocean Road huitoa kwa mashine za kisasa zilizoanza kazi mwaka 2018. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Marekani iliidhinisha dawa mbili za kumeza kwa pamoja, dabrafenib na trametinib, kwa wagonjwa wa anaplastiki ambao saratani yao ina badiliko la jeni liitwalo BRAF. Katika jaribio lililoleta idhini hiyo, uvimbe ulisinyaa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kwa ugonjwa ambao kwa miaka yote haukuwa na dawa, hilo ni jambo kubwa. Bei yake ni mlima ambao mkulima wa Newala hawezi kuupanda peke yake, na hilo nalo lisifichwe.

Kutoboa koo ndilo swali gumu kuliko yote. Wengi hudhani kwamba mtu akibanwa, anatobolewa, basi. Katika saratani hii uvimbe wenyewe umelala mbele ya bomba, mahali hasa pa kukata, na tundu likipatikana huenda lisipone vizuri. Tundu linaweza kumpa mgonjwa muda wa kufika kwenye mionzi. Linaweza pia kumwongezea wiki za mateso asizozitaka, akiwa hawezi kusema wala kumeza. Ndiyo maana mazungumzo na mgonjwa hufanywa mapema, akiwa bado na sauti ya kujibu. Aulizwe yeye, si mwanawe wa kwanza pekee. Na anayechagua kubaki nyumbani ana haki ya mofini ya kunywa, ya kulala akiwa ameinuliwa, na ya kutembelewa na mhudumu anayejua cha kufanya.

Usiku huu, msomaji, kama nyumbani kwako kuna mama au baba mwenye rovu, mpe kikombe cha maji ukae mbele yake kwenye mwanga. Mwambie ameze huku ukitazama shingo. Rovu likipanda pamoja na kikoromeo kisha likashuka, mpeleke hospitali kwa nafasi yenu likapimwe hata kama lina miaka ishirini. Likikataa kupanda, au limekua tangu mwezi uliopita, au sauti yake imekauka kwa wiki tatu, muende wiki hii. Na ukisikia mlio anapovuta pumzi, msingoje kuche: mketisheni, msimlaze chali, mtafute gari.